Kutoka Kwenye Ruti Hadi Meneja Mauzo: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Chini

Vijana wengi huniletea CV zao niziangalie kabla hawajaomba nafasi ya usupavaiza au umeneja mauzo. Wengi ni wauzaji wazuri kweli. Wanavuka tageti, wana stashahada au shahada ya masoko, na Manzese na Tandika wanazijua uchochoro kwa uchochoro. Wanakwenda kwenye usaili, wanajibu vizuri, wanaambiwa "tutakupigia." Hawapigiwi.

Nimekaa upande wa wanaouliza maswali kwa miaka kadhaa. Kabla ya hapo nilikaa upande wa wanaoulizwa, nikaanguka mara mbili. Kosa langu lilikuwa lile lile ninaloliona kwao: mtu anakwenda kueleza jinsi anavyouza yeye. Meneja mauzo anaajiriwa kuhakikisha watu wanane, ishirini au sitini wanauza, fedha inarudi, na mzigo haulali ghalani. Ushahidi kwamba unaliweza hilo huupati wiki ya usaili. Unaukusanya kwa miaka, kuanzia siku ya kwanza unayobeba katoni begani.

Mwongozo huu unafuata njia ya bidhaa za matumizi ya kila siku nchini Tanzania: sabuni, soda, unga, mafuta ya kula na kadhalika. Ndiyo njia niliyopita, na ndiyo yenye mlango mpana kwa mtu asiye na wa kumshika mkono.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja nene. Si simu. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya tatu.
- Kompyuta, hata ya kuazima wikiendi, yenye Ekseli au majedwali ya Google.
- Namba ya NIDA, TIN, cheti cha kuzaliwa, na nakala za vyeti vya shule zilizothibitishwa.
- Leseni ya udereva. Nafasi nyingi za kupanda zinaambatana na gari la kampuni, na nimeona mtu mwenye sifa zote akiachwa kwa kukosa leseni tu.
- Wadhamini wawili wanaoaminika. Kampuni nyingi haziwezi kukukabidhi mzigo na fedha bila wao, kwa hiyo zungumza na mjomba au mzee wa mtaa mapema, usisubiri siku ya kujaza fomu.
- Saa mbili za Jumamosi jioni ambazo hazina kazi nyingine. Hizi ndizo ngumu kuliko zote.

## Hatua ya 1: Chagua sekta na ukae humo

Mauzo si kazi moja. Anayeuza dawa hospitalini kwa kawaida hutakiwa awe na elimu ya famasia au afya. Anayeuza bima au huduma za benki anashughulika na mteja mmoja kwa wiki kadhaa. Anayeuza saruji anajua mafundi na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Anayeuza sabuni anapita maduka arobaini kwa siku.

Ujuzi unaopandisha cheo ni wa kuyajua maduka, wasambazaji na misimu ya sekta moja. Ukihama kutoka soda kwenda bima kisha simu ndani ya miaka mitatu, kila mara unaanza upya chini, hata kama mshahara umeongezeka kidogo. Jipe miaka mitano sekta moja. Kampuni unaweza kubadilisha.

## Hatua ya 2: Ingia kwa mlango wa chini, lakini uwe mlango wa kweli

Milango ya chini iko minne: promota anayesimama dukani kuonyesha bidhaa, machandaiza anayepanga shelfu, afisa mauzo anayechukua oda, na muuzaji wa gari anayetoka na mzigo asubuhi na kurudi na fedha jioni.

Ukipewa kuchagua, chagua gari. Najua ni kazi inayochosha. Unafika depo saa kumi na mbili na nusu, unahesabu katoni na mtunza ghala, mnasaini wote wawili, unapakia, unazunguka juani, unarudi kufunga hesabu saa moja usiku. Lakini ndani ya siku hiyo moja umegusa kila kitu ambacho meneja anakisimamia: stoki, mteja, bei, fedha taslimu, mkopo na mafuta ya gari. Mwenzako anayechukua oda kwa simu atakuja kujifunza mambo hayo miaka miwili baadaye, na akiyajifunza atayajua kwa kusoma ripoti.

Kabla ya kusaini, uliza mambo manne na uyapate kwa maandishi: mshahara wa msingi ni kiasi gani, kamisheni inahesabiwaje, nani analipa mafuta na vocha, na upungufu wa mzigo au fedha unashughulikiwa vipi. Kwenye kamisheni uliza pia kama inakokotolewa kabla ya VAT au baada yake. Kwa Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni 18%, hivyo bidhaa ya shilingi 11,800 ina shilingi 10,000 tu za mauzo halisi. Kijana asiyejua hilo hufurahia kamisheni ambayo haipo.

Tahadhari. Kampuni inayokutaka ununue "kifurushi cha kuanzia" au ulipie mafunzo ndipo upewe kazi inakufanya wewe mteja wake. Ondoka.

Utajua hatua hii imekamilika ukiwa na mkataba mkononi, ruti, yaani mzunguko wa maduka unayoyatembelea, yenye maduka yanayojulikana, na bosi unayeweza kumtaja kwa jina.

## Hatua ya 3: Ijue ruti yako kwa namba

Hapa ndipo wengi wanapoachana na umeneja bila kujua, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kampuni itakupa programu ya simu ya kurekodi mauzo. Itumie. Lakini programu hiyo inarekodi kilichouzwa, na siku ukiacha kazi inabaki na kampuni. Kaunta buku yako inarekodi kile ambacho hakikuuzwa. Gawa ukurasa safu tano: duka, nilichokikuta shelfuni, nilichouza, nilichokosa na sababu, nilichoahidi. Bei za kampuni na siri zake usiziandike humo. Andika unachokiona kwa macho yako.

Safu ya nne ndiyo dhahabu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nauza sabuni ya unga Mbagala, mtaa mmoja ulionikataa miezi mitatu mfululizo. Siku moja nikaingia kwenye duka la mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sabuni leo sichukui."

Zamani ningebembeleza. Siku hiyo nikamuuliza kwa nini, nikasubiri. Akaweka ungo chini, akanionyesha shelfu yake: vipakiti vidogo vya kampuni nyingine vimetundikwa kama shanga, na mfuko wangu mmoja wa nusu kilo umejaa vumbi. "Wateja wangu wanalipwa kwa siku," akasema. "Huo wako wanautazama tu."

Jioni nikafungua daftari. Mtaa ule ule, maduka kumi na moja, niliandika maneno yanayofanana: kipimo kikubwa, kubwa mno, wanataka ndogo. Nilikuwa nayo miezi mitatu na sikuwa nimeyasoma pamoja. Nilimpelekea supavaiza ukurasa ule, tukaletewa katoni za vipakiti, na mtaa ukafunguka. Hiyo ndiyo kazi ya meneja ikifanyika ndani ya daftari la muuzaji.

### Hesabu tatu za kufanya kila Jumamosi

Ya kwanza, ufikaji na ununuzi. Tuseme ulipangiwa maduka 40, ukafika 36, yakanunua 18. Ufikaji wako ni 90%, ununuzi ni 50% ya uliowafikia. Kama siku hiyo uliuza shilingi 1,080,000, basi kila duka lililonunua lilitoa wastani wa 60,000. Sasa unaona tatizo liko wapi: miguu yako ni mizima, shida iko ndani ya duka. Maduka yanayonunua yakipanda kutoka 18 hadi 24 kwa wastani ule ule, siku inafika 1,440,000 bila kuongeza ruti hata nyumba moja.

Ya pili, mwendo wa tageti. Tageti ya mwezi ni milioni 36 kwa siku 26 za kazi. Siku ya kumi una milioni 12. Wengi husema "niko vizuri, nimefika theluthi." Kwa mwendo wa 1,200,000 kwa siku utamaliza na milioni 31.2, chini ya 87%. Ili ufike unahitaji 1,500,000 kila siku kwa siku 16 zilizobaki. Ukiijua siku ya kumi una muda wa kufanya kitu. Ukiijua siku ya ishirini na mbili unabaki kuomba wateja wakusaidie.

Ya tatu, faida ya mwenye duka. Katoni ya vipande 24 anainunua 18,000, anauza kila kipande 1,000. Anapata 24,000, faida 6,000. Hiyo ni theluthi ya mtaji wake, au robo ya bei ya kuuzia. Zijue namna zote mbili, kwa sababu mwenye duka hufikiria ya kwanza na ripoti za kampuni hutumia ya pili. Kisha jua inamchukua siku ngapi kumaliza katoni. Faida ya 6,000 kwa siku nne ni bora kuliko 9,000 kwa mwezi, na ukimwonyesha kwenye karatasi yake mwenyewe hutahitaji maneno mengi.

Kwenye kompyuta jifunze vitu vitatu tu kwa kuanzia: kujumlisha kwa masharti, kuchuja, na pivoti, yaani jedwali linalojumlisha namba zako kwa makundi. Ingiza wiki nne za ruti yako humo. Ukiweza kumwambia supavaiza, bila kupekua, ni maduka gani kumi yanabeba nusu ya mauzo yako na ni yapi hayajanunua kwa wiki tatu, umefaulu hatua hii.

## Hatua ya 4: Safisha jina lako kwenye fedha

Hakuna kinachozuia kupanda cheo kama shoti. Mzigo uliotoka na fedha iliyorudi visipolingana, hata mara mbili kwa mwaka, meneja anayetaka kukupendekeza atasita. Naye ana haki, maana atakukabidhi shoti za watu wanane.

Hesabu mzigo mwenyewe kila asubuhi, hata mtunza ghala akiwa rafiki yako. Toa risiti kila mauzo. Fedha ya kampuni isilale nyumbani, na isitumike "nitarudisha kesho" hata kwa nauli ya daladala. Ninajua watu wazuri, wacha Mungu, waliopotea kwa elfu ishirini ya kesho.

Mkopo kwa wateja uutazame hivi. Unaliamini duka, unalikopesha mzigo wa 600,000, mwenyewe anahama usiku. Ikiwa faida ya kampuni ni 5%, inabidi yauzwe mauzo ya milioni 12 kufidia duka hilo moja. Kwa hiyo panga madeni yako kwa umri: ya chini ya siku 30, ya siku 31 hadi 60, na yaliyozidi 60. Anza kudai yale ya kundi la kati. Ya mwanzo bado ni mapya, ya mwisho mengi yameshakuwa kesi, lakini yale ya katikati yanaokolewa kwa kutembelewa Jumanne asubuhi kwa heshima na karatasi.

Shoti ikitokea, ripoti siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Na jua haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara mpaka akueleze kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokikokotoa, na akupe nafasi ya kupinga. Makato hayo pia hayatakiwi kuzidi robo ya malipo yako. Mwaka mmoja nilikatwa mshahara mzima wa mwezi kwa katoni zilizolowa kwenye ghala ambalo sikuwa na ufunguo wake, na sikujua kwamba kulikuwa na mstari wa sheria wa kunitetea. Ijue mapema, maana kesho utakuwa wewe unayesaini makato ya wengine.

## Hatua ya 5: Soma, lakini kwa mpangilio

Swali ninaloulizwa kuliko yote: nisome kwanza au nifanye kazi kwanza? Kwa umeneja mauzo, jibu langu ni vyote kwa pamoja, kuanzia mwaka wa pili wa kazi. Ukisoma ukiwa na ruti, kila somo lina sura ya duka unalolijua. Mwalimu akisema usambazaji, unaona lori limekwama Kimara.

Ngazi kwa Tanzania iko hivi:

1. Astashahada ya awali, ngazi ya 4 ya tuzo za taifa za ufundi (NTA). Mwaka mmoja. Unahitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini.
2. Stashahada, ngazi ya 5 na 6. Miaka miwili. Anayetoka kidato cha sita anaweza kuingia hapa moja kwa moja akiwa na ufaulu mkuu (principal) mmoja na wa ziada (subsidiary) mmoja.
3. Shahada. Miaka mitatu. Kwa kidato cha sita ni ufaulu mkuu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Kwa mwenye stashahada ni wastani wa alama (GPA) wa 3.0. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka; usitegemee wa mwaka jana.

Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kimefundisha kazi hizi tangu 1965 na kina kampasi Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Wapo pia Taasisi ya Uhasibu, Mzumbe, Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu Huria ambacho kwa aliyepangiwa mikoani ndicho mara nyingi kinachowezekana, kwa kuwa kina vituo mikoani. Uliza ratiba ya jioni kabla ya kulipa, na uhakikishe chuo cha ngazi ya kati kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo hivyo.

Kwa msomaji wa Kenya mantiki ni ile ile: KCSE ya wastani wa C+ kwa shahada, C- kwa stashahada, na chuo cha ufundi kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi ya huko.

Sasa maoni yangu, na nitayasimamia. Kati ya masomo yote, uhasibu wa awali na takwimu ndiyo yatakayokupandisha. Vijana huyakwepa wakakimbilia matangazo na chapa kwa sababu yanavutia. Kisha wanaingia umeneja na hawawezi kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya eneo lao. Chukua uhasibu hata kama ni wa hiari.

Vyeti vya kimataifa kama vya CIM, taasisi ya masoko ya Uingereza, ni vizuri, ila ada yake ni ya pauni na faida yake huonekana zaidi ukishakuwa meneja. Usikope kwa ajili yake ukiwa kwenye ruti.

Tahadhari. Shahada haifuti miaka ya ruti. Mtu aliyepewa umeneja kwa shahada tupu hupimwa na wauzaji wake wiki ya kwanza, na wauzaji hawana huruma kwenye hilo.

## Hatua ya 6: Ongoza kabla hujapewa cheo

Kwenye usaili wangu wa pili ulioshindikana niliulizwa swali moja fupi: "Kati ya wauzaji wenzako, nani amepanda kwa sababu yako?" Nilikuwa namba moja wa depo miezi saba mfululizo. Sikuwa na jina hata moja la kutaja. Nilikaa kimya, na mzee aliyeniuliza akafunga faili taratibu, bila ubaya wowote.

Tangu siku ile nikabadilisha ninachofanya. Nikaomba niwe napewa wageni niwafundishe ruti. Fanya hivyo hivyo. Mabosi hufurahi, maana hakuna anayeitaka kazi hiyo.

Namna ya kumfundisha mgeni ni hii. Maduka kumi ya kwanza yeye anatazama, wewe unauza. Kumi yanayofuata mnagawana: yeye anasalimu na kuangalia stoki, wewe unafunga oda. Kumi ya tatu yeye anafanya yote na wewe unanyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Utamwona anapoteza oda ya katoni tano mbele ya macho yako na ulimi utawasha. Nyamaza. Mkitoka nje, mkiwa mmesimama kivulini mbali na duka, muulize maswali mawili tu: umeona nini shelfuni, na ungerudi tena ungeanza na nini? Mwache ajibu mwenyewe. Akirudi wiki ijayo akapata oda hiyo, amejifunza jambo ambalo usingeweza kumwambia.

Pamoja na hilo, jitolee kuandaa ripoti ya Jumatatu ya timu, ukurasa mmoja, na kushika nafasi ya supavaiza akiwa likizo. Ikiwezekana omba ruti mbovu. Ruti nzuri kila mtu anaiuza. Mbovu iliyoinuka ina historia ya kusimulia.

Dalili ya mafanikio: una majina mawili ya watu na namba zao kabla na baada. Wenzako wakianza kukupigia wewe kabla ya supavaiza, uko karibu. Kuwa mwangalifu hapo: kila jambo kubwa lirudishe kwa supavaiza, usimzunguke. Anayemzunguka bosi wake atakapopewa timu atazungukwa.

## Hatua ya 7: Omba nafasi kwa ushahidi

Andika upya CV yako. Ondoa mistari kama "mchapakazi, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo." Weka mistari ya namna hii:

*"Ruti ya maduka 240 kwa wiki. Ununuzi ulipanda kutoka 50% hadi 67% kwa miezi sita. Madeni ya zaidi ya siku 60 yalishuka kutoka maduka 14 hadi 3. Nilifundisha wauzaji wawili. Wote walifikia tageti mwezi wa tatu."*

Namba ziwe zako na ziwe za kweli. Meneja mzoefu atakuuliza ulifanyaje, na uongo huanguka kwenye swali la tatu.

Maswali mawili hayakosekani. La kwanza: una muuzaji anayevuka tageti lakini ana shoti kila mwezi, utafanya nini? Usikimbilie kumfukuza wala kumtetea. Sema utahesabu naye mzigo asubuhi kwa wiki mbili, utalinganisha risiti na wateja wake wa mkopo, utaweka maonyo kwa maandishi kwa utaratibu wa kampuni, na tageti haitamkinga. La pili: msambazaji ana katoni 1,200 na anauza 80 kwa siku, anakataa oda mpya, utamwambia nini? Ana stoki ya siku 15. Kama mzigo unamfikia ndani ya siku tatu, ana haki ya kukataa. Kazi yako ni kuitoa stoki hiyo madukani. Kumbembeleza aongeze siyo kazi.

Jibu hilo la pili limewainua watu wengi niliowaona, kwa sababu wasailiwa wengi hueleza jinsi watakavyomshawishi msambazaji.

Kaunta buku yako nenda nayo. Si ya kugawa, ikae mezani.

## Hatua ya 8: Usupavaiza ni mtihani wa umeneja

Ukipata usupavaiza, siku 30 za kwanza usibadilishe kitu. Zunguka na kila muuzaji siku mbili nzima. Siku 30 zinazofuata rekebisha ruti: maduka yaliyorukwa, ruti zinazopishana, siku za kutembelea. Za tatu fanya kazi na muuzaji wa katikati, si wa juu wala wa chini kabisa. Timu hubebwa na wa katikati, na hao hakuna anayewashughulikia.

Kosa linaloua masupavaiza wengi ni kuuza badala ya watu wao. Tageti ikiyumba anachukua gari mwenyewe, anafunga mwezi, anapongezwa. Mwezi unaofuata watu wake wanamsubiri achukue gari tena.

La pili ni kumjazia msambazaji mzigo tarehe 28 ili karatasi ipendeze. Mwezi unaoanza tarehe 1 unaanza na ghala lililojaa na msambazaji mwenye hasira, na bidhaa zenye tarehe fupi zinarudi kama hasara. Pima timu yako kwa mauzo yaliyoingia madukani, hata kama kampuni inapima yaliyotoka kiwandani. Itakuuma mwezi mmoja au miwili.

Kuhusu kuhama. Nafasi za meneja wa eneo hufunguka Kahama, Sumbawanga, Mtwara, Babati. Wanaong'ang'ania Dar es Salaam hukaa kwenye foleni ndefu. Hili lina gharama ya kweli kwa familia, hasa kwa dada mwenye watoto wadogo au anayemuuguza mzazi, na simlaumu anayekataa. Lizungumzeni nyumbani mwaka mmoja kabla, si usiku wa barua ya uhamisho. Ukikubali, omba kwa maandishi gharama za kuhama, nyumba ya muda na muda wa tathmini.

Kwa niliowaona, kutoka gari hadi usupavaiza ni miaka miwili hadi minne, na kutoka hapo hadi umeneja wa eneo mingine miwili au mitatu. Wapo waliochukua zaidi na wakawa wazuri kuliko waliowahi.

Kuanzia mwezi wa kwanza wa usupavaiza, fungua ukurasa wa mwisho wa kaunta buku na uandike jina la mtu mmoja wa kushika nafasi yako. Mpe ripoti ya Jumatatu. Mpe mgeni wa kumfundisha. Mpeleke kwa msambazaji asikie mnavyobishana stoki. Siku mkurugenzi atakapouliza, "Tukikupeleka Mtwara, hapa tunamwacha nani?", umgeuzie daftari alisome mwenyewe.